Maji ya Kufulia

Kazi yangu ni kutema. Mama yangu hajaizoea mpaka leo. "Nilikulea usiteme mate mbele za watu," husema, "sasa unalipwa mshahara kwa kutema." Mimi humjibu kwamba kabla ya kutema nafyonza, na kabla ya kufyonza nanusa, na kahawa ikipita ulimini mara moja tu naweza kukwambia imelala siku ngapi kwenye gunia lenye unyevu. Kwake hayo ni maneno ya mtu aliyevimba kichwa. Huenda ni kweli. Lakini miaka tisa nimesimama kwenye meza ya kuonjea ya chama cha wakulima, na hakuna aliyewahi kunishika kwa kosa.

Chama chetu kina wakulima wa namna mbili. Wa mlimani wana maji mpaka wanayalalamikia. Wanachuma asubuhi, jioni wanamenya, wanailaza kahawa kwenye tangi mpaka ule ute wake uchachuke na kuachia, kisha wanaiosha na kuiosha tena hadi punje zinakwaruza kiganjani kama changarawe. Kahawa yao huja safi, nyepesi, na ukali wa limau kwa mbali. Wa bondeni, ambako ndiko kwetu, wana kisima kimoja na foleni ya ndoo. Huko kahawa haioshwi. Huanikwa nzima na ganda lake, juu ya vichanja na mapaa ya bati, wiki tatu na zaidi, ikigeuzwa na kugeuzwa, hadi ganda linakuwa jeusi na punje inagonga ndani ukiitikisa sikioni. Muda wote huo punje inanyonya utamu wa tunda lake. Ikianikwa na mvivu hunuka siki. Ikianikwa na mtu mwenye subira huja na zabibu kavu, na kitu kizito cha utamu ambacho hubaki kooni hata baada ya kuosha vyombo.

Fomu yetu haikujua tofauti ya mvivu na mwenye subira. Ilikuwa na mstari mmoja: ladha ya matunda, punguza alama. Nami nilipunguza. Ndivyo nilivyofundishwa, na mimi nikifundishwa kitu nakishika. Ukipata alama themanini umepita. Ukianguka misimu mitatu mfululizo unafutwa kwenye daftari la chama, na lori halisimami tena kwako.

Shamba la baba lilibaki mikononi mwa mdogo wangu. Mimi nilipelekwa shule, yeye akapewa jembe, na hatujawahi kulizungumza hilo kwa sauti. Ni mtu mkaidi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha. Tangu baba alipofariki nimekuwa nikimpa ushauri, naye amekuwa akiupokea kama mtu anayepokea mzigo wa jirani: anaushika kidogo kwa heshima, kisha anautua. Msimu wa kwanza wa kanuni hiyo kahawa yake ilipata sabini na sita. Wa pili, sabini na saba. Zote mbili nilizionja mwenyewe bila kujua ni zake, maana kwenye meza yetu vikombe havina majina, vina namba tu. Orodha ya majina hukaa kwenye droo ya mtunza orodha, mama mmoja ambaye hata umpe zawadi hafungui mpaka alama ziandikwe.

Baada ya ule msimu wa pili alinipigia simu.

"Ya tatu ikikataliwa nang'oa," akasema. "Yote. Napanda mahindi."

"Miti ya baba?"

"Baba hayupo foleni ya lori, dada. Niko mimi."

Hasira ilinipanda. Mama anaishi naye pale. Kila asubuhi mama akifungua mlango anaiona ile miti ambayo mume wake aliipanda akiwa bado kijana, na huyu mwana anataka kuing'oa kwa sababu ya alama nne.

"Basi osha," nikamwambia. "Nimesema miaka mingapi? Osha kahawa kama wenzako wa mlimani."

"Nioshe kwa maji gani?"

"Ya kisima."

"Kisima kina foleni. Mtu mmoja ndoo nne kwa siku."

"Panga foleni mara mbili. Mpeleke mama naye apange. Unataka kung'oa shamba kwa sababu ya uvivu wa kubeba ndoo?"

Nilisikia kuku nyuma yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Kwa hiyo ile ya baba ilikuwa mbaya?"

"Ina kasoro," nikasema. "Mnunuzi hanywi kumbukumbu."

Neno hilo nililipenda nilipolitamka. Nililirudia hata kazini.

"Haya," akasema. "Sema polepole, niandike."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Huyu mtu hajawahi kuandika hata neno langu moja. Lakini nilifurahi mno kusikilizwa, nikamsomea kama mwalimu wa chekechea: menya siku hiyohiyo ya kuchuma, laza kwenye tangi saa thelathini na sita, osha mara tatu. "Na zikitimia saa, osha palepale. Usiniambie sijui mgeni alikuja, sijui foleni. Zikizidi hata saa moja, zimeharibika." Akajibu "ndiyo, dada" kila nilipopumua.

Sikuishia kwake. Niliomba nafasi kwenye mkutano wa bondeni nikawahubiria wote. Wengine walianza kuchimba matangi wiki ileile. Jirani yetu, mzee ambaye shamba lake limetenganishwa na letu kwa ua wa miiba tu, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Watu wote humwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. "Umesema vizuri sana, mwanangu," akaniambia. "Kesho nitalichimba hilo tangi."

*

Siku ya kuonja kahawa za bondeni nilifika kazini mapema. Vikombe kumi na viwili vilikuwa vimepangwa mezani, maji yanachemka, na karibu na kila kikombe palikuwa na fomu. Nikaichukua ya kwanza nikaisoma. Nikaisoma tena. Ule mstari wa matunda ulikuwa umehama. Haukuwa tena upande wa kupunguza alama. Ulikuwa upande wa kuongeza.

Nilimwendea mkuu wetu wa chumba. Ni mtu mrefu anayevaa miwani kwenye paji la uso kisha anaitafuta mchana kutwa.

"Hii ni nini, mkuu?"

"Fomu mpya. Wanunuzi wamebadilika. Siku hizi ladha ya matunda ndiyo wanayoitafuta."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kuitaka." Akapapasa meza akitafuta miwani. "Imekuja jana jioni."

"Na wale tuliowakata alama miaka yote hii?"

"Tulifuata fomu, dada. Ile ilikuwa fomu, na hii nayo ni fomu."

Nilitamani nimwambie miwani iko wapi kwa namna ambayo asingeisahau. Miaka tisa. Nilitembea na kijiko changu miaka tisa nikiita kasoro kile ambacho leo ni sifa, na huyu anaongea kana kwamba wamebadilisha saa ya chai. Halafu nikamkumbuka mdogo wangu na ndoo zake nne, na hasira ikageuka hofu. Nikajituliza. Kahawa ikioshwa vizuri ni nzuri kwa fomu yoyote. Nilimwelekeza hatua kwa hatua. Atapita.

Tukaanza. Tulikuwa watatu: mkuu, mimi, na mwenzetu tunayemwita Kikohozi kwa sababu hajawahi kufyonza vikombe vitano bila kupaliwa. Kama kawaida, kila tukionja tunatema ndooni na kuandika. Kikombe cha kwanza siki. Cha pili kilikuwa kimeoshwa, si kibaya. Cha tatu kilikuwa na vumbi.

Cha nne nilikitema kabla hakijafika mwisho wa ulimi. Kilikuwa kimeoshwa, lakini kwa mateso gani. Uzito hakina, utamu hakina, na nyuma kabisa kulikuwa na harufu kama ya kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Nikanusa tena. Sabuni. Kwa mbali sana, lakini sabuni.

"Huyu ameosha kahawa kwa maji ya kufulia," nikasema.

Kikohozi akacheka hadi akapaliwa. Mkuu naye akatabasamu. Na mimi, nilivyo na ulimi wa kupenda kushangiliwa, nikayaandika maneno hayohayo kwenye nafasi ya maoni: Ameosha kwa maji ya kufulia. Sabini na moja.

Cha sita kilikuwa kimeoshwa na kilikuwa kizuri, themanini na mbili. Moyo ukanitulia. Nikajiambia hicho ndicho cha kwetu.

Kisha nikafika cha tisa.

Sijui niseme vipi bila kuonekana natia chumvi. Nilifyonza, na nilikuwa juu ya paa la jiko letu nikiwa na miaka saba, magoti yakiungua kwa bati, baba akinipigia kelele nishuke nisije nikakanyaga kahawa. Ilikuwa zabibu kavu, na asali kidogo, na ule uzito kooni. Haikuwa kahawa ya bondeni tu. Ilikuwa ya paa letu. Nikashika ukingo wa meza. Mkaidi yule hakuosha. Alijibu "ndiyo, dada" mara ishirini, akakata simu, akapanda juu ya paa akaanika kama baba. Maisha yangu yote ukaidi wake umenitoa machozi ya hasira, na siku ile ukanitoa ya aina nyingine. Sikuitema. Niliimeza, jambo ambalo kwenye meza ile ni mwiko.

Mkuu alitaka kuipa themanini. Nikamkatalia. Nilipigana kama mtu anayepigania kiti cha mgonjwa. Nilimwonyesha fomu yake mpya, mstari wake mpya, nikamfyonzesha mara tatu, mpaka akaandika themanini na sita ili apumzike. Haki ilitaka niseme kwamba nadhani namjua mwenye kikombe na nikae pembeni. Nililijua hilo. Nikalipita kimyakimya kama mtu anayepita karibu na anayemdai.

Mtunza orodha akafungua droo.

"Namba tisa," akasoma. Akalitaja jina, na hakuna aliyelijua, mpaka alipoongeza lile ambalo watu humwita. "Kesho."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Bila shaka. Mzee hakuchimba tangi lolote, alisema kesho na kesho haikufika, na upande wake wa ua wa miiba kahawa iliendelea kukauka juani kama siku zote. Udongo wake ni udongo wetu.

"Na sita?"

Akataja mtu wa upande wa pili wa bonde. Sikuuliza tena. Mama yule alisoma kwa zamu yake, bila haraka, na alipofika namba nne alilisoma jina la mdogo wangu kama anavyosoma majina yote.

Maisha yake yote hajanisikiliza. Alichagua msimu huu.

Nilimfuata mkuu hadi mlangoni. Nilimwambia yote: kwamba ni ndugu yangu, kwamba mimi ndiye niliyemwambia aoshe, kwamba kahawa ile ikianikwa inafanana na ile namba tisa aliyoisifu, kwamba kosa si lake.

"Ningekusaidia," akasema. Nadhani alimaanisha. "Lakini tazama maoni uliyoandika mwenyewe. Na fomu lazima imfikie mkulima, unajua kanuni."

"Nitaipeleka mimi."

"Ndiyo vizuri. Ni ndugu yako."

*

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa nyumbani. Mama alinipokea begi, akaniuliza mbona nimekonda, na kabla sijamjibu akaingia ndani kuweka maji motoni. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ukingo wa tangi alilolijenga. Lilikuwa tangi zuri kuliko nilivyotarajia. Saruji ilikuwa laini, kona zimepigwa kwa mwiko, na chini kulikuwa na tundu la kutolea maji lenye kizibo cha mti alichokichonga mwenyewe. Ukutani jembe lilikuwa limeegemezwa, na mpini wake ulikuwa mpya.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Sikuyatumia. Nikampa fomu.

Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika chini kidole kikasimama. Anaujua mwandiko wangu.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimejua nini?"

"Maji ya kufulia." Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, bila hasira hata kidogo, na hilo lilinichoma kuliko angenitukana. "Uliposema osha mara tatu, mara mbili za kwanza maji yalitosha. Ya tatu yakaisha. Foleni ilikuwa imefika barabarani na saa thelathini na sita zilikuwa zimetimia. Ulisema hata saa moja zisizidi. Mama alikuwa ameweka pipa la kufulia, lile la maji ya suuza. Nikachota humo." Akatikisa kichwa. "Sikumwambia mtu. Ulimi wako ni hatari, dada."

Nikakaa karibu naye kwenye saruji. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huwa hawasemi anavyowafanya wa nyumbani kwake.

Akatoa daftari la shule mfukoni, limekunjwa katikati. "Nionyeshe nilipokosea. Nimelisoma wiki nzima nikingoja fomu, sioni kosa. Labda lile pipa. Lakini ningefanyaje?"

Nikalifungua. Kila siku ya kazi ilikuwa na tarehe na saa, mwandiko mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema. Dada amesema menya leo. Dada amesema zilale mpaka keshokutwa saa kumi na moja alfajiri. Dada amesema mara tatu. Kurasa sita. Niligeuza hadi ya mwisho, kisha nikarudi nyuma, nikitafuta mahali ambapo amekiuka, na ningetoa chochote nilipate.

"Hujakosea," nikasema.

"Sasa kwa nini nimeanguka?"

Nikamweleza. Fomu mpya, mstari uliohama, Kesho na themanini na sita zake. Alisikiliza akikwangua saruji kwa ukucha. Nilipomtaja Kesho alicheka kidogo kwa pua.

"Yule hana hata ndoo nzima," akasema.

Mama akatoka na sinia. Alitumiminia vikombe viwili, akaweka kimoja mkononi mwangu, akarudi zake jikoni. Ninaposhika kikombe mkono hujiendea wenyewe. Nikanusa, nikafyonza kwa kelele kama niko kazini, na mdogo wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Nikaacha kusikia kuku. Ile namba tisa ilikuwa kivuli cha hii. Zabibu zilikuwepo, na asali, na juu yake kitu ambacho Kesho hana, kitu cha mtu aliyeamka usiku kufunika kahawa isipate umande. Nikafyonza tena. Miaka tisa, vikombe ambavyo siwezi kuvihesabu, na sijawahi kuweka mdomoni kahawa kama ile.

"Hii umeipata wapi?"

"Ya kwetu."

"Ya kwetu ipi? Si uliosha?"

"Niliosha ya kuuza. Ya kunywa huwa natenga debe moja, naanika juu ya jiko kama baba. Mama hawezi kunywa ile nyingine." Akanywa yake. "Geuza mara nne kwa siku, funika usiku. Si kazi ngumu."

Nilikiweka kikombe chini. "Debe zima umekaa nalo ndani ya nyumba. Kwa nini hukuleta hii?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kitu ambacho muulizaji anakijua.

"Si ulisema ina kasoro."

Upepo ulifungua daftari magotini pangu, akalichukua akalikunja, akalirudisha mfukoni. Kisha akasimama, akajikung'uta saruji, akalichukua lile jembe na kulipima uzito kwa mikono miwili. Nilisema subiri. Nilisema nitamwona mkuu tena, nitaandika barua, nitaomba msimu mmoja tu. Nilisema maneno mengi, na nilipokuwa nayasema nilimwona akinisikiliza kwa adabu ileile ya zamani, ya mtu anayeushika mzigo wa jirani.

"Maliza kahawa yako, dada," akasema. "Imebaki kidogo kwenye debe, na mwakani hakuna."

Akashuka shambani. Nikakichukua kikombe. Mama alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, nami nikanywa hadi mwisho, bila kutema, nikisikiliza jembe likianza.